Safu ya Mengineyo

Daftari la bandari lina safu tano:
tarehe, mafuta, abiria, samaki,
na ya mwisho, nyembamba kama utepe: mengineyo.
Erlindo, karani wa Golfito, hupiga muhuri bila kusoma.
Ndiyo maana naandika humo.

Jumatatu. Maili thelathini nje,
bahari tambarare, rangi ya wino wa shule.
Madaktari wa meno wanne, wamejipaka mafuta ya jua
wakang'aa kama sambusa.
Walimpa Yeudy mkono, "Habari, nahodha,"
nami nimeshika usukani, hereni masikioni.
Sulisuli watatu.
Mengineyo: wa tatu aliporuka alikunjua tanga lake lote,
zambarau, kisha buluu ambayo sina jina lake,
na yule mnene aliyekuwa akitapika tangu alfajiri
akafuta mdomo kwa kofia
akasema, "Samahani."
Sijui alikuwa akimwomba nani.

Huku sheria hairuhusu kumtoa sulisuli majini.
Yeudy humshika ule mkuki wa mdomo kwa glavu,
nami naisogeza La Porfiada polepole, polepole,
maji yampite kwenye matamvua
mpaka mkia ukumbuke kazi yake.
Dakika tano. Mwingine, tisa.
Abiria wamekwisha kuinamia picha zao.
Tunaomngoja ni wawili tu.

Jumanne. Mvua. Hakuja mtu.
Dizeli imepanda.
Mengineyo: Yeudy anafunga chambo cha waridi
kwa nywele za mwanasesere wa mdogo wake.
Mdogo mtu hajajua.

Jumatano. Karibu na ufuko, kwenye mdomo wa mto,
pale matope yanapogombana na chumvi.
Tunamtafuta yule samaki aitwaye jogoo,
mwenye undu wa miiba mirefu mgongoni,
ambao huusimamisha akikasirika, na hukasirika upesi.
Abiria mmoja: Ardith, miaka sabini na minane,
vidole vimepinda kama tangawizi.
Samaki alishika saa tatu kasoro.
Dakika arobaini bibi yule akauegemeza ufito tumboni,
jasho likimdondoka kwenye miwani.
Nikanyoosha mkono.
"Ukigusa," akasema, "nitakuuma."
Mshipi ukakatikia mwambani.
Akakaa chini, akacheka mpaka akakohoa,
akaomba embe bichi na chumvi.
Samaki: hakuna.
Mengineyo: bakshishi yake ilizidi ya madaktari wote wanne,
lakini hilo si la kuandikwa, nimeshaliandika.

Ijumaa. Ndugu wanne, hawasemezani;
nadhani ni habari ya nyumba ya mama yao.
Maili kumi na mbili nje tukakuta gogo,
mti mzima uliosombwa na mafuriko, mizizi juu.
Chini yake faulusi, dhahabu na kijani, wamejaa kama sarafu kisimani.
Na juu yake, kwenye mzizi wa mwisho,
kenge wa miti, wa kijani, mgongo wa misumeno,
akitutazama kama mtu aliyekosea basi.
Kaka mkubwa akaweka ufito chini.
Wa pili akatoa bia zote kwenye sanduku la barafu.
Wa tatu, wavu. Wa mwisho, shati lake.
Ndilo jambo la kwanza walilolifanya pamoja siku ile.
Yeudy alikwaruzwa mara mbili.
Faulusi hatukuwavua.
Tukarudi ufukweni, tukamweka mchangani,
akaenda zake bila hata kugeuka.

Safu ya abiria nikaandika: wanne.
Nikafuta. Nikaandika: watano.

Jumamosi, dirishani. Muhuri wa Erlindo ukasita hewani.
"Leseni yako ni ya wanne."
"Wa tano alipandia njiani."
"Njiani wapi? Baharini?"
Kidole chake kikateleza kulia, taratibu, hadi kwenye utepe,
midomo ikaanza kucheza.
Alipofika chini akafungua ukurasa wa nyuma yake,
kisha wa nyuma zaidi.
Foleni mgongoni pangu ilikuwa ya watu saba.
Akavuta kiti.