Daftari la Makosa

Saa tisa usiku, Duluth, theluji imeziba dirisha.
Verna Lahti anaisukuma mikate tanurini,
anatega kengele: dakika thelathini na tano.
Mkate na sehemu moja ya mtihani
huiva kwa muda uleule.

Mwanzoni alisoma kwa pupa,
kurasa mia kwa siku, kalamu ya njano mpaka ikakauka,
na alama zikabaki palepale,
gari lililokwama barafuni, magurudumu yakizunguka.
Sasa anasoma kidogo. Swali moja
analigeuza, analikanda:
nani kasema? Kwa ushahidi gani?
"Baadhi" si "wote."
"Isipokuwa" ni mlango mdogo
alioupita mara tatu bila kuuona.

Daftarini haandiki aliyopata.
Anaandika aliyokosa, na kwa nini:
nilikuwa na haraka.
Nilidhani, sikusoma.
Nilitaka liwe kweli.

Jana alipekua nyuma
hadi kurasa zenye unga wa Novemba:
nilitaka liwe kweli, nilitaka liwe kweli,
akamkumbuka Dale, na ile miaka tisa,
akacheka peke yake mpaka machozi.

Kengele inalia. Kalamu chini,
hata kama swali la mwisho halijajibiwa;
mkate haumngoji mtu amalize sentensi.
Joto linampiga usoni.
Anaupindua mmoja, anaugonga kitako, anasikiliza:
mlio wa utupu. Umeiva.

Huu hauandiki popote.
Anaukata ungali moto, anaupaka siagi.