Saa Nne, Saa Nane

Simu imewika. Jogoo wa kwenye simu
hajui adhana wala kengele ya shule,
anajua saa nne tu, kisha saa nane.
Najisukuma msalani, Barabara ya Kumi na Mbili,
magurudumu yakigonga kizingiti
ambacho Mhina aliapa kukichonga kabla ya Ramadhani.
Ramadhani ipi, hakusema.

Kwanza mikono. Sabuni ya kipande, maji ya kopo,
katikati ya vidole, chini ya kucha,
kama alivyonifunza Sista Semkiwa pale Bombo:
"Usiogope mpira, Kaniki. Ogopa mkono."
Nilicheka. Mkono huu umeshika nyaya za umeme
miaka kumi na tisa!
Hakucheka. Alinirudisha kwenye beseni.

Nilianguka nguzoni Pongwe, mchana kweupe,
na kibofu kikasahau kuniita.
Hujaa kimya, kama pipa chini ya mchirizi
mwenye nyumba kalala.

Mwanzo walinitia mpira wa kukaa. Mfuko wake
ulining'inia pajani miezi saba,
nikiuficha kwa kikoi.
Homa zilinijia mara nne, mkojo mzito kama togwa,
na kila msikiti ukawa mbali,
hata ule tunaopakana nao ukuta.

Sasa naingiza, nangoja, natoa.
Kilainisho kidogo, pumzi ndefu, polepole,
kama kupitisha waya kwenye bomba la ukutani:
ukikwama, fundi halazimishi.
Kisha maji yagonga kopo.
Mwanamvua, huko jikoni, huyasikia
na kupunguza moto wa maharage. Haulizi kitu.

Sisemi nimepona. Mwezi uliopita niliona damu,
tone moja, nikakesha.
Na mipira ikiadimika, mmoja huoshwa,
hukaushwa, hurudi kazini.
Sista anajua. Hukunja uso, hunipa miwili
aliyoipata anakokujua mwenyewe.
Wataalamu, nasikia, bado wanabishana
kama uliooshwa ni salama sawa na mpya.
Wabishane. Mimi nina saa nane.

Jumamosi nilikwenda harusini Muheza
nimevaa suruali nyeupe.
Nyeupe, nasema, tangu asubuhi hadi biriani.
Shehe yumo katikati ya hutuba ya ndoa,
jogoo akawika mfukoni mwangu,
na ukumbi mzima ukageuka
kutafuta banda.