Maelezo ya Picha

Saa kumi na mbili jioni, Erdenet,
nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri,
kompyuta kumi na moja, wanafunzi kumi na saba.
Wameketi wawili wawili, makoti hawavui,
ncha za vidole zimechungulia kwenye glavu zilizokatwa.
Nawaambia: ukifungua, funga.
Mabano haya ni mlango; ukiuacha wazi
baridi itashuka hadi mwisho wa ukurasa.
Wanacheka. Hilo wanalijua bila kufundishwa.

Mimi sikukua na haya.
Miaka tisa nilipanga herufi za risasi
katika gazeti la mgodi, kinyumenyume,
mpaka nikaweza kuusoma uongo hata ukigeuzwa.
Gazeti likafa. Vidole vikabaki na weusi wake.
Ndiyo maana nawafundisha uchoyo wa maneno:
msomaji amesimama kizingitini,
mkono mmoja u kwenye kitasa.
Usimpigie kelele, “Hutaamini kilichotokea!”
Mwambie kilichotokea.
Kuamini ni kazi yake.

Purevdorj anataka zambarau, na nyota zinazoanguka.
Namwachia. Nyota hujichosha zenyewe.
Nomuundari anauliza kama maandishi yanaweza kusimama,
yashuke kama alivyoandika bibi yake,
juu kwenda chini, mvua isiyo na upepo.
Sijui, nasema.
Tunatafuta pamoja, vichwa vimegusana,
tunaipata: amri moja, fupi kuliko jina lake,
na ukurasa mzima unainuka kwa miguu yake.
Hakuna aliyepiga makofi.
Ila Purevdorj akafuta nyota tatu.

Usiku huu nimekwama kwa Chuluun,
dereva wa lori la shaba, mkubwa wangu kwa umri,
anayebonyeza kibodi kama anayekanyaga breki.
Anatengeneza tovuti ya karakana ya mwanawe.
Ina picha moja tu. Nyuma ya picha kuna nafasi
ya maneno yasiyoonekana,
yale ambayo mashine humsomea asiyeona.
Aliandika: *picha.*
Nikasema, asiyeona ameshaambiwa ni picha.
Akaandika: *mtu na pikipiki.*
Nikasema, mtu yupi?

Bomba la mvuke likagonga ukutani.
Nikadhani nimemuudhi, nikageukia meza nyingine,
nikamsahihisha mtu kitu ambacho hakukikosea.
Nyuma yangu kidole kimoja kikaanza. Tap. Tap.
Kikakaa. Tap.

*Mwanangu Ider, mwaka mmoja kabla ya ajali.
Pikipiki si yake, aliitengeneza, mpaka leo hajalipwa.
Anacheka kwa kuwa namwambia atulie.
Miguu haipo kwa sababu sijui kupiga picha.*

Ubaoni, kwa mwandiko wangu mwenyewe,
kanuni ya leo: *maelezo yasizidi sentensi moja.*
Nikachukua kifutio.

Tukajaribu. Akavaa vipokea sauti,
upande mmoja akanipa mimi.
Mashine ikasoma kwa sauti yake ya bati,
haikupumua kwenye mkato wala kwenye nukta,
na jina ikalitamka vibaya.
“Ider,” akaisahihisha Chuluun,
polepole, akiiinamia skrini,
kama unavyomrudia mwanafunzi mgeni.
Akabonyeza tena.
Ikakosea tena.
“Ider,” akasema.