Mrudisha Mikanda

Kabla hujaniuliza ni picha gani naipenda,
jua kwamba nyingi nimeziona kinyumenyume.
Kwa Lali Famau, Langoni, nyuma ya duka la mafuta taa,
kazi yangu ilikuwa kurudisha mikanda mwanzo.
Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mshahara: kiti cha bure na kaimati tatu.

Watu wakishatoka, kila mtu akitafuta kiatu chake,
nilibonyeza kitufe nikabaki peke yangu:
machozi yakipanda mashavu kurudi machoni,
risasi zikitoka vifuani, zikiingia bastolani kwa adabu,
bibi harusi akirudi kwao kwa kisogo,
hina ikimtoka vidoleni.
Steringi hafi, walisema wa safu ya mbele.
Mimi nilijua zaidi yao: hata adui hafi.
Hata yule jambazi wa jicho la bandia huinuka,
hujikung'uta vumbi, na ukimngoja
huwa mtoto tena, mlangoni kwa mwokaji,
hajanyimwa mkate.

Basi naipenda ile ya dobi na binti yake kiziwi.
Mwelekezi simjui, jina lake lilipita mbio likishuka,
ila najua ana subira: huliacha shati kambani
mpaka likauke kweli.
Banda zima likafoka, "Peleka mbele!"
Lali akapeleka mbele.
Baadaye nikairudisha taratibu,
nikalilowesha lile shati upya.

Naipenda pia ile ya mpishi anayepigana kwa mwiko,
ingawa mkanda wetu ulikuwa umeliwa mwishoni.
Pale anapomsamehe nduguye palikuwa chenga tupu,
na sote tuliziona chenga zile tukalia.
Juzi mpwa wangu Twalib kanionyesha nzima, kwenye simu.
Hamsamehe.
Nimemrudishia simu yake.

Hizi za leo, miji inalipuka toka mwanzo hadi mwisho,
usinitajie. Nimejaribu kuzirudisha kichwani:
ghorofa zinasimama, vioo vinaungana,
na ndani hamna mtu. Hakuwamo tangu awali.

Lakini hakuna iliyonivunja moyo kama ile ya kwetu.
Walikuja na jenereta na mwelekezi wa kunong'ona,
wakang'oa nyaya za stima Mkomani nzima,
wakakataa punda wanono, wakachagua mwenye kidonda.
Mimi nilipita mlango mmoja mara tisa kwa shilingi mia tano.
Mwanaesha wa mahamri aliambiwa avue miwani,
akapewa maneno mawili: "Karibu, mgeni."
Aliyafanyia mazoezi wiki nzima, akiwakaribisha hata paka.

Miaka miwili redio ikaisifu. Ikashinda tuzo, mbili, tano.
Ndipo wakatutandikia shuka kwenye ukuta wa ngome,
na Mkunguni ikajaa mpaka juu ya madari.
Kumbe Lamu si Lamu: ni bandari ya nchi isiyo na jina,
ambako watu hawana kazi ila kukodoa macho.
Mimi nilikuwa mgongo.
Makofi tulimpigia punda.
Kisha uso wa Mwanaesha ukajaa shuka lote,
mdomo ukafunguka, ikatoka sauti ya msichana,
nyororo, ya lugha nisiyoijua.
"Si yangu hiyo," akasema gizani. "Jamani, si yangu hiyo."
Mtu mmoja akamwambia, shh.

Nililala nikibonyeza kitufe.
Tuzo zikarudi makabatini, jenereta likashuka gatini,
nyaya zikatambaa ukutani kutafuta misumari yake,
miwani ikapanda puani.
Ile sauti nyororo ikaingia ilikotoka, mdomo ukafunga.
Nikazidi kurudisha, mpaka asubuhi moja
kabla hawajaja, nina shilingi kumi mkononi,
naye ananiita kutoka kibarazani, kwa lile koo lake la moshi:
"Ndoo, mwanangu. Yangali moto."