Kengele Iliyongoja Maji

Ililetwa na tishari mwaka ule maji yalipokonda,
imeviringishwa majani ya mpunga kama yai la bata:
kengele ya shaba, nzito kuliko maksai sita,
ikienda kaskazini, kwenye hekalu lililokwisha jengwa
likabaki bubu.

Baba hakufungua lango.
Mwenye nguvu mpishe, alisema,
na nani mwenye nguvu kama mchele wa mfalme?
Zikapita kwanza mashua za nafaka, mia na themanini,
kila moja ikitunywa kidogo.
Ya mwisho ilipopita, mfereji ulikuwa tope na kambare.

Mtawa Huichen akashuka na mkeka wake na ndoo.
Alikuwa na kikohozi, na jipu shingoni,
hakufanana na watakatifu waliochorwa ukutani.
Aliuliza bei ya mkate wa mvuke, akashtuka, akaomba nusu.
Mama akamkatia nusu,
kisha akamtupia na ile nyingine,
akinung'unika kwamba nusu mkate hauuziki.

Siku arubaini. Siku mia.
Tishari limekaa topeni kama kuku anayeatamia.
Wavuta kamba, mabega yao magumu kama soli,
walijilaza kivulini mwa kengele
wakasoma (Deng Laosan ndiye aliyesoma, wengine walisikiliza)
majina ya waliochangia shaba:
mjane wa muuza chumvi, masufuria mawili;
karani wa ushuru, sarafu elfu;
ndugu watatu wa Suzhou, wauza hariri, pamoja na mama yao.

"Sisi hatumo," akasema Deng.
"Ninyi ndio mnaoivuta," akasema Huichen.
"Ndiyo. Na hatumo."

Tishari lilipoanza kulala ubavu
wakainyanyua kengele kwa magogo ya lango, ikaning'inia.
Basi ikawa inagongwa alfajiri,
na mama, ambaye hakumfungia Budha hata siku moja,
akaanza kukanda unga kwa mlio wake,
na baba akaacha kumpigia kelele jogoo.

Mimi nilikuwa na miaka tisa na msumari.
Deng alinichorea herufi kwenye tope, moja kwa mkate mmoja.
Usiku nikaingia chini ya kengele na kibatari
nikakwaruza kwa ndani, juu kadiri mkono ulivyofika:
Deng Laosan. Ma Kichwa-Chuma. Baba. Mama.
Mbwa wetu, Tangawizi.

Kichwa cha mtawa kikachomoza chini ya ukingo.
Akakohoa, na kikohozi kikazunguka, kikazunguka,
kikatutazama sote wawili.
Nikangoja kofi.
"Jina la mbwa umelikosea," akasema.
Akanishikia taa.

Mvua ilinyesha milima ya mbali, si kwetu.
Maji yakaja usiku bila kubisha hodi.
Kulipokucha tishari lilikuwa limeshapita lango la tatu,
kamba zimekazwa, Deng mbele, kichwa chini.
Asubuhi hiyo mama aliunguza mikate yote.

Sijafika kaskazini. Nimerithi jiko.
Wasafiri wanaoteremka husema ni kengele nzuri, yasikika mbali,
ila mwishoni mwa mlio kuna kijimkwaruzo.
Mkwaruzo gani? nauliza.
Wanafikiri, wanatafuna, wanashindwa kueleza.
Mmoja tu, mtoto wa nahodha, alisema:
kama mbwa anayeitwa jina lake
na mtu aliye mbali.

Yeye sikumtoza.