Risasi ya Ishirini

Desemba lifti ya jengo letu ilikufa
nikaanza kupanda ghorofa tano kwa miguu,
jora la kitambaa begani
kama mtu aliyebebeshwa mtoto asiye wake.
Pale chini, dukani kwa Hirani,
televisheni kumi na moja za kuuzwa
zilionyesha kitu kimoja:
wanawake thelathini, bunduki mgongoni,
wakingoja kuambiwa nendeni.

Nilidhani ni vita.
Hirani akacheka. "Mchezo tu, Syombua.
Wanateleza, wanafyatua, wanateleza tena."
Theluji ilikuwa nyeupe kama poplini
ambayo haijaonja mkasi,
na nje, River Road, jua la saa tisa lilikaanga vumbi.

Huanza wote pamoja. Hilo ndilo lililonishika.
Hakuna aliyetangulizwa,
hakuna wa kusema foleni ilimchelewesha.
Mara mbili hulala kifudifudi, mara mbili husimama,
risasi tano kila mara,
vijicho vitano vyeusi
na kila kinachopigwa hufumba, kikawa cheupe.
Ukikosa, pembeni pana kijinjia cha duara.
Unakizunguka, mara moja kwa kila kosa,
wenzako wakienda zao.
Hakuna anayekutukana. Unazunguka tu.

Nikajichagulia namba ishirini na saba,
Mfini mmoja, Annikki.
Mtangazaji alilitamka vizuri, nadhani;
mimi nilisikia anika:
anika nguo, anika mahindi,
anika moyo juani ukauke kidogo.
Siku hiyo alimaliza wa ishirini na nne.
Mtu wangu kabisa.

Januari nilimwona vipandevipande.
Sare za shule, vifungo mia tatu,
akina mama mlangoni wakiapa
shule inafunguliwa kesho.
Nilishuka kununua uzi nikamkuta amesimama,
kifua kinapanda, kinashuka,
mtutu unapanda, unashuka nacho,
naye anangoja.
Hangoji moyo utulie. Hautulii.
Anangoja kati ya pigo na pigo,
pale penye upenyo wa ukucha.

Kazi hiyo naijua.
Fika ghorofa ya tano unahema
halafu ujaribu kutunga uzi:
tundu la sindano linakukimbia,
uzi unagonga kushoto, unagonga kulia.
Basi nikajiwekea sheria.
Nikikosa tundu,
naizunguka meza ya kukatia mara moja
ndipo nijaribu tena.
Kerubo, msaidizi wangu, aliniuliza
kama kuna mtu amenifanyia kitu.

Februari kazi haikuwepo. Kodi ilikuwepo.
Annikki akawa wa tisa
nikamnunulia Hirani soda
kana kwamba ndiye aliyemzaa.

Machi, mbio ya mwisho.
Mawingu yalikuwa yameinama hadi kwenye paa.
Akaingia uwanjani na wanne wa mbele,
kusimama kwa mwisho, risasi tano zimebaki.
Moja: cheupe.
Mbili.
Tatu, akapumua, mvuke ukamfunika uso.
Nne.
Kikabaki kijicho kimoja, cheusi ti,
kinanitazama mimi na Hirani
na mteja aliyekuja kuuliza bei ya pasi.
Akaweka kidole

na stima ikapotea.

Televisheni kumi na moja zikawa vioo.
Nilijiona ndani ya kila kimoja, mdomo wazi.
"Kesho utasikia," Hirani alisema.
Sikuuliza, kesho wala kesho kutwa.
Mpaka leo kidole chake kiko pale.

Nilipanda. Ngazi zilikuwa giza,
mvua imeanza kuyachapa mabati ya jirani.
Gauni la bibi harusi lilibakiza pindo tu.
Nikaipeleka sindano dirishani,
kwenye mwanga uliobaki.
Moyo ulibisha kama mteja mwenye haraka.
Nikangoja. Pigo. Pigo.
Nikasukuma katikati.

Uzi ukapinda.

Nikaiweka sindano chini,
nikaanza kuizunguka meza.