Kokoto za Igogo

Nkwimba anachoma tairi juu ya jabali,
anasubiri jiwe lishike moto, kisha nyundo.
Ndoo moja, shilingi mia tano.

Sayi wake, kidato cha pili, anasoma kwa sauti:
ganda la dunia limepasuka mabamba mabamba,
yanatembea, mama, polepole kama kucha inavyoota.
Mashariki ufa, magharibi ufa,
sisi katikati, juu ya bamba dogo linalojizungusha.

"Linajizungusha na mkopo wangu wa vikoba?"

Nyundo. Cheche.

Sayi haachi: zamani hapa hapakuwa na ziwa.
Mito ilishuka magharibi
hadi nchi ya huko ikainuka kama ng'ombe, makalio kwanza,
maji yakakosa njia, yakarudi, yakakaa.
Ndiyo haya tunayofulia.

Nkwimba anakumbuka Bukoba ilipotetemeka,
vikombe vyake vikagongana huku kabatini,
akadhani panya.

Anapapasa jabali. Juu lina moto wa tairi,
ubavuni ubaridi wake wa tangu enzi.
"Kumbe na wewe umo safarini," analiambia,
"na nauli hujalipa."

Anainua nyundo.
Kokoto moja inaruka,
inaangukia ndoo ya jirani.